Mawe Ndani ya Mashine

Dorkas aliolewa kwa ajili ya mikono yake. Kwao Iramba, enzi hizo, washenga hawakuuliza binti amefika darasa la ngapi wala shingo yake ina urefu gani. Waliketi, wakapewa maji, na binti akaitwa asage. Dorkas alipiga magoti nyuma ya jiwe, akasaga uwele bila kuinua uso, na shangazi wa upande wa mume akachota unga kwa vidole viwili akaupaka shavuni. Haukukwaruza. Shangazi yule akasema, "Huyu tumempata," na mazungumzo ya ng'ombe yakaanza siku hiyohiyo.

Boma aliloingia lilikuwa la mzee Msengi, upande wa juu wa Nduguti, tembe ndefu iliyozunguka zizi. Msengi alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mifugo ya kutosha, na wazee wenzake walimngoja aseme kabla hawajakata shauri. Dorkas aliishi humo miaka mingi bila kusema naye hata mara moja. Si kwamba walikosana. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Mkamwana hakumtazama baba mkwe usoni, hakula mbele yake, na wakikutana njiani aliingia majanini akageuka mpaka mzee apite. Kilichokuwa kizito kuliko vyote ni jina. Mkamwana hakulitamka jina la baba mkwe kwa hasira wala kwa utani, hata kama mwenye jina yuko safari ya mbali. Aliyelitamka alitozwa kondoo, na akirudia alirudishwa kwao.

Lakini mtu hawezi kukaa boma moja na mwenzake asiwe na neno naye, na wazee waliotunga sheria hiyo walilijua hilo. Waliacha tundu la kupumulia, na tundu lenyewe lilikuwa jiwe. Alfajiri, mwanamke akisaga, aliruhusiwa kuimba lolote. Angeimba kwamba mume ni mvivu, kwamba wifi ana mkono mrefu, kwamba mwenye boma amesahau watu wake. Alifumba maneno, hakumtaja mtu, na mhusika alikuwa kitandani au zizini akisikia yote. Neno la jiweni halikuwa na kesi. Hakuna aliyeruhusiwa kuliuliza wala kulijibu kwa mdomo. Lilijibiwa kwa kitendo, ama lilipita na upepo.

Dorkas aliijua kazi hiyo. Mwaka wake wa kwanza aliimba juu ya ndege aliyejenga kiota chini ya mvua, na haukupita muda miti mipya na udongo vikapandishwa juu ya paa lake. Baadaye, mumewe Zefania alipozoea kurudi na pombe na ngumi, aliimba juu ya beberu anayepiga pembe mlango wa banda analolala. Msengi alimwita mwanawe zizini. Walichosemezana hakikujulikana, ila ngumi zilikoma. Mama mkwe, aliyekuwa angali hai, alimwambia Dorkas wakichambua mlenda kwamba mzee husema mtoto huyu wa watu husaga maneno laini kama unga wake. Dorkas aliyaweka maneno hayo kama mtu anavyoweka shanga.

Kisha ikaja habari ya kuhamia vijijini. Mama mkwe alikwisha kufariki. Malori yalikuja kiangazi, watu wakapakia vitanda, milango, kuku na mbao za vihenge walivyovibomoa wenyewe. Vijana waliosimamia upakiaji walikataza mawe ya kusagia. Walisema mawe yanakula nafasi, na isitoshe huko tuendako italetwa mashine, mama zetu wamepiga magoti ya kutosha. Wanawake wengi waliyaacha yao mahameni, na wengine waliyaacha kwa furaha. Dorkas aliliviringisha lake katika ngozi ya ng'ombe, akasema ni chungu, akalikalia njia nzima.

Mashine ililetwa mwaka uliofuata, na haikuwa mpya. Kijiji kiliinunua kwa mwenye duka mmoja wa Singida mjini, na fundi aliyekuja kuifunga aliitwa Narendra, kijana wa Kihindi aliyekunywa togwa la kijiji bila kukunja uso, na kwa hilo akasifiwa kuliko mashine yenyewe. Aliyeipigania kwenye kamati ya kijiji alikuwa mzee Msengi. Wenzake walitaka trekta. Yeye alisema amemzika mke ambaye magoti yake yaliota sugu kama kwato, na hataki kumzika mwingine wa namna hiyo. Trekta ikaachwa.

Na mashine ilisaidia, hilo lisemwe wazi. Kazi iliyomla mwanamke alfajiri nzima ilikwisha kabla watu hawajamaliza kuulizana hali. Watoto walikwenda shule wameshiba. Migongo ilipumzika. Wazee wachache walinung'unika kwamba ugali unanuka dizeli, wakala wakamaliza wakanawa. Ila mengine yalibadilika ambayo hakuna mkutano ulioyajadili. Washenga hawakumwita tena binti asage. Waliuliza kama anajua kusoma, kama anajua cherehani. Unga wa Dorkas, uliokuwa ukiombwa na waliotoka kujifungua, ukawa unga kama wa mtu yeyote, maana wote ulimwagika kutoka mdomo mmoja wa bati. Na alfajiri ikawa kimya. Jiwe lake lililala nyuma ya nyumba, kuku wakinywa maji ya mvua katika shimo ambalo mikono yake ndiyo iliyolichimba.

Kimya hicho hakikumsumbua, kwa kuwa hakuwa na neno la kusema. Neno lilikuja baadaye, Zefania alipokufa.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na haikumchelewesha. Wazee wa ukoo walikaa, wakakubaliana bila kumwuliza mjane, kama ilivyokuwa desturi, kwamba baada ya mavuno itapikwa pombe, tanga liondolewe, na Dorkas arithiwe na Naftali, mdogo wa marehemu. Mchungaji wa kanisa angelikataa jambo hilo, lakini mchungaji alipita mara chache, na kumpelekea yeye mashtaka ya boma ilikuwa sawa na kumfungulia mkwe kesi kwa wageni.

Naftali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke, basi. Mkewe, Sara, aliolewa wakati mashine imekwisha kuja, na hakuwahi kupiga magoti nyuma ya jiwe maishani mwake. Nyumba yake ilitazamana na ya Dorkas, na wawili hao walichotea maji pamoja, walisukana, walikopana chumvi bila kukumbushana. Sara mwenyewe alilifanyia mzaha jambo lile.

"Mama Elizabeti, tukishakuwa wake wenza tutagombea nini? Sufuria nzuri unayo wewe, mimi nina kifuniko tu."

Dorkas alicheka. Lakini alikwisha kuona marafiki wawili wakifanywa wake wenza, na alikumbuka jinsi walivyoanza kuhesabiana moshi wa jikoni. Alichotaka kilikuwa kimoja: abaki katika nyumba yake, yeye na binti yake Elizabeti, asikabidhiwe kwa mtu. Wa kulikubali hilo alikuwa Msengi peke yake, na Msengi ndiye mtu asiyeweza kusema naye. Mama mkwe wa kumtuma hayupo. Naftali hawezi kupeleka neno la kujikataa mwenyewe. Akaenda nyuma ya nyumba, akawafukuza kuku, akamwaga maji, akaliosha jiwe.

Alfajiri iliyofuata alisaga. Mikono ilikuwa imesahau kidogo, kisha ikakumbuka. Aliimba kwa Kinyiramba, polepole, sauti ielekee nyumba ya mzee:

*Mwenye boma, mwenye boma,*
*mtungi haumiminwi ndani ya mtungi uliojaa.*
*Kiota kina mlango wake,*
*niache nikae mlangoni kwangu.*

Jibu lilikuja mchana. Sara alivuka uwanja akimkokota punda wa mzee, anacheka. Alisema baba ameagiza kupitia Naftali kwamba uwele wa Mama Elizabeti upelekwe mashineni, na punda abebe, na abaki naye kadiri anavyomhitaji; boma lake halijafikia kusaga kwa magoti.

Dorkas alimtazama punda, punda naye akamtazama. Hapo ndipo alipoelewa. Mzee alikuwa amesikia jiwe, hakusikia wimbo. Tangu mashine ije, jiwe likilia nyumbani mwa mtu lilikuwa na maana moja tu, kwamba humo hamna senti ya kusagia. Maneno yaliyopanda juu ya mlio huo hayakuwa na masikio tena ya kuyapokea, hata masikio yaliyokuwa yakiyasifu zamani.

Akajaribu tena, kwa sauti kubwa zaidi na mafumbo machache. Safari hii alikuja Ezekieli, balozi wa nyumba kumi, mtu mwema aliyependa kila jambo likae sawa. Aliketi, akapokea uji, akazungusha maneno sana kabla ya kufikia lililomleta.

"Mama Elizabeti, nasema kwa heshima. Mgeni wa wilaya akipita hapa akasikia jiwe, atatuuliza mashine tumeiweka ya nini. Kama ni njaa, sema."

"Si njaa, balozi."

"Ni nini basi?"

"Ni unga tu."

Kumweleza balozi nako kungekuwa kumfungulia mkwe kesi. Ezekieli alimaliza uji wake akaaga. Kesho yake debe la unga wa mashine lilikutwa mlangoni kwa Dorkas, msaada wa majirani. Akalipokea, akashukuru, maana kukataa kungezaa maneno mengine. Kisha akalirudisha jiwe nyuma ya nyumba, na kuku wakarudi kunywa.

Mavuno yalikuwa yanakaribia. Uwele ulianza kupinda vichwa.

Lililotokea mashineni halikupangwa. Dorkas alikwenda kusaga kama wengine, na siku moja, akimimina uwele wake juu ya mdomo wa mashine, alijikuta anaimba. Labda ni mikono, ilipoona unga unatoka, ndiyo iliyokikumbusha kinywa. Injini ilinguruma, bati lilitetema, na yeye mwenyewe hakujisikia. Aligundua kwamba ndani ya kelele ile mtu anaweza kusema lolote na lisiende popote. Ilimpa nafuu, kama mtu anayetema mate machungu. Akawa anafanya hivyo kila akija. Na kwa kuwa hakuna aliyesikia, mafumbo yalianza kupungua. Ndege akaondoka katika wimbo, mtungi ukaondoka. Mwisho aliimba mambo kama yalivyo, na watu kwa majina yao, jambo ambalo jiweni hakuna mwanamke aliyethubutu.

Siku ile wanakamati walikuwa mlangoni mwa banda la mashine. Gasto, kijana aliyeiendesha, alikuwa amewaambia kwamba amepata kazi ya reli Manyoni na ataondoka baada ya mavuno, nao wakaja kumuuliza nani atamrithi. Ezekieli alikuwepo. Mzee Msengi alikuwepo, nyuma ya wenzake, ameegemea fimbo. Dorkas alikuwa amewapa mgongo, uso juu ya uwele, hakuwaona. Gasto, katika kujibizana na wazee kwa ishara za mikono, alisahau kutazama mafuta.

Injini ilikohoa mara mbili ikazima. Ndani ya kimya kilichobaki, sauti ya Dorkas ikatoka peke yake, wazi, mpaka kwa mwanamke wa mwisho kwenye foleni:

"Msengi, usinigawe kama ndama! Naftali ana mke, na mke huyo ni rafiki yangu!"

Unga uliokuwa hewani ulishuka taratibu juu ya vichwa vya watu. Dorkas aligeuka, akamwona mzee, akaanguka magotini na kujifunika kanga uso mzima. Alikuwa ametamka jina. Halikuwa jambo la kondoo tu: alilitamka mbele ya kamati, na akalitamka kwa kuamuru.

Ezekieli ndiye aliyeanza, kwa kuwa ndiye aliyeshindwa kuvumilia kimya. Alisema sheria ya jiweni wote wanaijua na wote wanaiheshimu, lakini hapa si jiweni. Hapa ni mashineni, mali ya kijiji.

"Hapa hakuna jiwe," alisema.

"Na unga huu unatoka wapi?" aliuliza bibi mmoja kwenye foleni. "Puani mwako?"

Wanawake wakacheka, kisha wakanyamaza, maana mzee Msengi alikuwa amepita katikati ya wenzake na kuingia ndani. Hakumtazama mkamwana wake. Alipita upande wa pili wa mashine, akaigonga kwa fimbo.

"Gasto. Fungua."

"Nifungue nini, mzee?"

"Hilo tumbo lake."

Gasto alitafuta spana. Alifungua nati moja moja, na watu wote walingoja, Dorkas akiwa bado magotini, akisikia chuma kinalia. Kifuniko kilipoinuliwa yalionekana mawe mawili ya mviringo, meupe kwa unga, yamechongwa mistari kama wanawake walivyokuwa wakiyachonga yao yalipolainika. Msengi aliweka kiganja juu ya moja. Lilikuwa la moto.

"Haya ni nini?"

"Ni mawe, mzee."

"La chini nalo huzunguka?"

"Hapana. La chini limelala. La juu ndilo linalokwenda."

"Kama la mama yako."

Gasto akatabasamu bila kutaka. "Kama la mama yangu."

Mzee alikung'uta kiganja chake kwenye shuka. "Basi mimi nimesikia mwanamke akisaga," alisema, si kwa mtu yeyote. Akatoka, akaenda zake. Ezekieli alibaki akiyatazama mawe yale kama mtu aliyeuziwa kitu alichokuwa nacho nyumbani.

Kwa hiyo kondoo hakutozwa. Lakini neno la jiweni kutokuwa na kesi si sawa na neno kukubaliwa, na Dorkas alilijua hilo kuliko wote. Mzee hakutuma mtu wala kitu. Uwele ulikatwa, ukapurwa, ukahifadhiwa. Mtama wa pombe ulilowekwa. Sara alikuwa amesikia kilichoimbwa, kama kijiji kizima, na alikuwa anakuja jioni kukaa na Dorkas bila mizaha, wanachambua mboga kimya.

Siku ya kuondoa tanga ndugu walijaa uwanjani. Kwa desturi yao mrithi hukabidhiwa kwanza upinde wa marehemu, kisha kigoda chake, na akishakalia kigoda hicho nyumba imekwenda naye. Msengi aliutoa upinde, akampa Naftali. Naftali akaupokea kwa mikono miwili. Kisha watu wakangoja kigoda, na kigoda hakikuletwa. Mzee aliketi, akaomba kibuyu cha pombe, akanywa. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyeuliza.

Elizabeti ndiye aliyemvuta mama yake kanga. Punda wa babu alikuwa amefungwa mbele ya mlango wao, na mgongoni mwake, kimekazwa kwa kamba ya katani, kilikuwa kigoda cha Zefania.

Dorkas alikwenda akakifungua. Alikiweka ndani, upande wa kulia wa mlango, mahali pake pa siku zote. Alipotoka alimkuta Sara amesimama uwanjani, amejishika kiuno.

"Kumbe ile sufuria nimeikosa kweli," Sara alisema, na alikuwa analia.

Gasto alipokaribia kuondoka, kamati ilikaa tena juu ya mashine. Vijana wenye kusoma walikuwa wanaitazama reli na miji, na wasiosoma waliiogopa injini. Inasemekana mzee Msengi alinyamaza mpaka wote walipochoka, kisha akasema yuko mtu mmoja mwenye sauti ya kuishinda injini. Apewe yeye, angalau mafuta yakiisha watu watajua. Walicheka, na walipomaliza kucheka jambo likawa limepita. Dorkas alifundishwa na Gasto kuwasha, kukaza mkanda, kuchonga mawe yakilainika. Hilo la mwisho hakuhitaji kufundishwa sana. Alifanya kazi amevaa koti la Zefania, nywele zimefungwa kitambaa, na wanawake waliokuwa wakimwita Mama Elizabeti wakaanza kumwita Mama Mashine, kwanza kwa kumcheka, halafu kwa mazoea.

Ilibaki shida moja. Mwendesha mashine humwita mwenye zamu kwa jina, naye asingeweza kuliita jina la mzee zamu ya mzigo wake ikifika. Hawakuwahi kulizungumza. Punda alikuja peke yake. Alitoka nyumbani kwa mzee na gunia la uwele mgongoni, akapita njia aliyoizoea, akasimama mlangoni mwa banda mbele ya foleni, na hakuna aliyelalamika kwamba ameruka zamu. Dorkas alisaga, akaufunga unga, akampiga kofi dogo la kiuno, na punda akarudi. Dorkas akiwa na neno, alisaga unga wa mzee ukawa laini kuliko wa wengine, akaupitisha mara mbili. Mzee akiwa na neno, gunia lilikuja na kitu juu yake: mguu wa mbuzi, au kibuyu cha asali, na mwaka wa mwisho wa uhai wake, shuka jipya. Wakaendelea hivyo mpaka mzee alipozikwa.

Katika kazi yake Dorkas aliona ambacho Gasto, aliyekuwa akitazama nje muda wote, hakukiona. Wanawake wakifika mbele ya mdomo wa mashine na kuanza kumimina, baadhi yao midomo ilikuwa inacheza. Wengine walitazama unga, wengine walifumba macho. Hakusikia neno hata moja, wala hakujaribu. Alilofanya ni kupima dizeli kila asubuhi kwa kijiti, na kuongeza mapema, tangi likiwa bado nusu, hata katika miaka ile dizeli ilipokuwa ya kuomba na kubembeleza. Ikibaki kidogo aliwaambia watu warudi kesho. Walimnung'unikia kwamba ana roho ngumu, kwamba hayo mafuta yangetosha madebe mengine mawili. Hakuwaeleza. Lakini chini ya mikono yake mashine ile haikuzima hata mara moja mtu akiwa anamimina.